Kanzu ya Baba Mdogo Gazetini

Mnyonyaji wa gazetini alikuwa na kitambi, ndevu, kanzu, kofia iliyotariziwa, na tasbihi mkononi. Mkono wa pili alishika mrija, na mrija ulikuwa umechomekwa shingoni mwa mkulima mwenye shati lililochanika. Mkulima walikuwa wakimbadilisha, mara mzee, mara mama mwenye mtoto mgongoni. Mnyonyaji alibaki yule yule kila wiki. Labda mchoraji alijua kuchora mmoja tu. Sina hakika, mimi nimeishia darasa la nne na mambo ya uchoraji siyajui.

Gazeti lilitufikia kwa treni kutoka Dar es Salaam, limechelewa kama kila mtu aliyewahi kupanda treni ile. Nyumbani kwetu Chemchem, Tabora, msomaji nilikuwa mimi, jioni, nikishamaliza kuuza vitumbua. Nyumba ilikuwa ya baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyenipokea nilipoachika bila kuniuliza hata neno. Yeye Kurani aliisoma bila kukwama, lakini herufi za gazeti zilimshinda, akabaki na picha.

"Huyu nani?"

"Mnyonyaji, baba mdogo."

"Anasali msikiti gani?"

"Hawakuandika."

"Mbona kavaa kama mimi?"

"Yeye ana kitambi."

Akajitazama tumbo. Alikuwa mwembamba, mama mdogo akisema kanzu ile ikianikwa kambani inanenepa kuliko akiivaa mwenyewe. "Basi si mimi," akasema, akaridhika kabisa.

Hapa nataka niwe mkweli. Wenye kanzu walioficha bidhaa Tabora walikuwepo. Mmoja aliniuzia nusu kilo ya sukari chini ya kaunta kwa bei ya kunitoa machozi, kisha akaniombea dua. Na kwenye njia ya misafara iliyopita hapa petu, walipita wenye kanzu wakiongoza watu waliofungwa minyororo. Jambo hilo halifutiki eti kwa sababu linaniudhi. Lakini na babu zetu Wanyamwezi walikuwemo kwenye misafara ile, wengi wakibeba mizigo kwa ujira, na wapo waliouza wenzao, nao sikuwahi kuwaona wamechorwa. Walanguzi wa suti za mikono mifupi nilikuwa nawaona kwa macho, wakubwa wazima. Suti zao nazo sikuziona gazetini. Pengine kanzu ni rahisi kuchora, haina vifungo vingi.

Baba mdogo alikuwa mpimaji kwenye duka la ujamaa la mtaa wetu. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mizani siku ya sukari, na kina mama walimwamini hata wakapiga soga wakiwa wamempa mgongo. Msimamizi wa duka alipohamia Kaliua, ikasemwa mkutano utachagua mwingine, na mtaa mzima ukamtaja baba mdogo. Mwenyewe alijifanya hakitaki cheo. Lakini nilimwona ameanza kuchana ndevu.

Kabla ya mkutano ikaja Sabasaba, na katibu wa vijana akatunga igizo. Mnyonyaji akapewa jirani yetu, Mmoravian, kiongozi wa kwaya, kwa sababu ya sauti yake na kicheko chake kinachosikika mpaka stesheni. Akaja kupiga hodi.

"Hodi, shehe!"

"Karibu, mzee wa kwaya. Leo umekuja kusilimu?"

"Nusu tu. Nataka kanzu. Roho itabaki kule kule."

"Kanzu ya nini?"

"Igizo la Sabasaba. Mimi ndiye mtu mkubwa humo."

Baba mdogo alifurahi. Akadhani kwenye igizo kuna mgeni rasmi. Akamwambia mama mdogo aipige pasi kanzu yake, ambayo ilikuwa moja tu, ya Ijumaa na ya Idi. Shingoni ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa kijani, maana uzi mweupe ulikuwa umeadimika madukani.

Je, jirani alijua anachofanya? Nilimwuliza baadaye. Akaapa kwamba katibu alimwambia tu, "Vaa kama wa gazetini," naye hakufikiri zaidi ya hapo. Namwamini. Siku nyingine namwamini nusu.

Siku yenyewe baba mdogo alikaa mstari wa mbele kabisa. Ngoma ikalia, na kanzu yake ikatoka. Ndani yake mlikuwa na mto wa kulalia, mishono ya kwapa inalia kwa kubanwa. Jirani alishika bua refu la jani la mpapai, akalichomeka shingoni mwa kijana aliyeigiza mkulima, akavuta kwa mdomo, akajipapasa tumbo, akasema "Alhamdulillahi." Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Sijui nani alipiga kelele kutoka nyuma: "Kanzu ya mpimaji hiyo! Ona uzi wa kijani!" Wakacheka upya. Jirani aliigiza vizuri mno, lazima niseme. Na baba mdogo alipiga makofi pamoja na watu mpaka mwisho.

Tulipofika nyumbani aliuliza jambo moja tu.

"Mto ule wa nani?"

"Wetu," akasema mama mdogo kwa sauti ndogo. "Alikuja kuuazima. Nilidhani amepata mgeni."

Kanzu ilirudi imefuliwa na kunyooshwa, kwapa zimefumuka. Watoto wa mtaani hawakuchelewa. Akipita, mmoja anafyonza mdomo, fyuuu, kama mtu anayevuta mrija, wengine wanakimbia. Hilo la watoto lilipita. Lililobaki ni la kina mama. Siku ya sukari hawakumpa mgongo tena. Walisogea mpaka kwenye mizani, shingo mbele, wakitazama mshale unasimama wapi. Baba mdogo akaanza kuwazidishia kidogo kila mmoja ili wamwamini. Wakasema anawahonga.

Mkutano ukafika. Katibu wa vijana akasimama na gazeti mkononi.

"Ndugu wananchi, mimi na mzee wetu hatuna ubaya. Mzee ni mtu safi. Lakini tufikiri kisiasa! Akija mgeni kutoka juu akakuta duka la ujamaa limesimamiwa na mtu wa namna hii," akalifunua gazeti, "atatuelewaje?"

Watu wakatazama picha, kisha wakamtazama baba mdogo, aliyekuwa amevaa shati siku hiyo, kisha wakatazama picha tena.

Jirani akainuka kwa haraka. "Ndugu mwenyekiti! Mnyonyaji nilikuwa mimi! Mzee alitoa nguo tu!"

Kicheko kilichofuata kilizidi kile cha Sabasaba. Maskini, alitaka kumtetea, watu wakadhani ni sehemu ya pili ya igizo.

Akachaguliwa bwana mmoja wa suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Mkono wangu mwenyewe ulitaka kunyanyuka. Baba mdogo alirudi kwenye mizani, na baada ya siku chache huyo bwana akasema mizani ataishika yeye.

Mvua zikaja, na kabla hazijaisha sukari ikaanza kupotea njiani kati ya stoo na kaunta. Magunia yakakutwa uvunguni mwa kitanda cha bwana wa suti, naye akachukuliwa na kalamu zake zote mbili. Dini yake siitaji. Sukari haikuibwa na dini.

Gazeti likaandika habari ya Tabora. Nililisoma nikiwa na furaha ambayo haikuwa nzuri, nafikiri. Mlanguzi wa duka la ujamaa amenaswa, likasema. Kisha nikafika kwenye picha. Juu ya gunia la sukari alikaa mtu mwenye kitambi, ndevu, kanzu, kofia na tasbihi.

Baba mdogo akanyoosha mkono, akaivuta karatasi karibu na taa.

"Jina langu limo?"

"Halimo."

"La yule bwana?"

"Nalo halimo. Wameandika 'msimamizi mmoja.'"

Akaitazama picha. "Kwa hiyo aliyekamatwa ni kanzu," akasema.

Jumatano ikateremka treni ya Mwanza, na shangazi yetu wa Bukene, dada mkubwa wa baba mdogo, akatokea uani na mkeka, blanketi na kapu, analia tangu njia panda.

"Wamempeleka jela gani mdogo wangu?"

Baba mdogo mwenyewe akatoka ndani. "Shikamoo, dada."

Shangazi akaangusha mkeka. "Umetoroka?"

Ikachukua muda kumweleza. Alikuwa amenunua dagaa kule Bukene, wakafungiwa kwenye gazeti, akaona picha, na muuza dagaa akamsomea kwamba ni mtu wa duka, Tabora. Hakungoja kusomewa zaidi.

"Nilijua si wewe," akasema akijifuta machozi. "Nilisema tu, nije na kuku, ikiwa ni wewe."

"Dada, hata wewe?"

"Si kofia yako hii?"

"Kofia hiyo inavaliwa na nusu ya mji!"

Kuku wa jela tulimla sote, na jirani wa kwaya akaitwa. Alikula kichwa kimeinama, jambo ambalo si kawaida yake.

Ijumaa mama mdogo akamtolea baba mdogo shati na suruali. "Vaa hizi, upite salama." Akazirudisha. Akavaa kanzu, kwapa zimeshonwa, tena kwa uzi wa kijani. Nikadhani atapita mbele ya duka, kila mtu amwone. Akakata kushoto, akashika uchochoro wa nyuma, kati ya vyoo na mabanda ya kuku, akiinua pindo lisiguse tope.

Shangazi akamwona kutoka uani. "We! Mbona unapita kama mwizi? Pita barabarani!"

Akasimama, pindo mkononi.

"Dada," akasema, "barabarani ndiko wanakonijua ni mwizi."

Akaendelea na uchochoro wake.