Koki Iliyofukiwa Mpakani

Krismasi ile tulipanda nyumbani Uchagani, mimi na kaka yangu, tukakuta bomba la uani linadondosha maji. Mama akataka tuite fundi. Fundi wa nini? Kaka alikuwa amenunua spana mpya sokoni Kiboriloni. Sijui nani alimdanganya kwamba spana inamfanya mtu kuwa fundi. Alikaza mara moja tu, bomba likakatika, maji ya mlimani yakamrukia usoni.

"Mama, yanafungiwa wapi?" nikapiga kelele.

"Marehemu baba yenu alifukia koki kubwa mpakani, chini ya sale!"

Sale lipi? Mpaka mzima wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, umepandwa masale, ndiyo alama yake tangu enzi za babu. Tukang'oa moja, tukang'oa la pili, matope hadi magotini, koki hatuioni. Mzee jirani akatokea na panga, akafoka: tunasogeza mpaka mchana kweupe? Shikamoo zetu hakuitikia.

Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale, naye hawezi kukukatalia. Mama akachuma jani kwenye yale yale tuliyong'oa, akatusukuma. Tukapiga magoti, nguo zinachuruzika. Mzee akalipokea, akatusamehe, ndipo akauliza tulikuwa tunatafuta nini.

"Koki ya maji, mzee."

"Si mngesema?"

Akaingia shambani kwake, katikati kabisa ya migomba, akainama, akafunga koki. Maji yakakatika.

Kaka akanitazama. Baba aliifukia koki ile mpakani. Sasa sisi tumeomba msamaha wa nini?