Msumari wa Kina Lina

Mji wa Crystal, ughaibuni, asubuhi ya theluji. Nyanya Lina, ajuza ninayemtunza, alinitia mkononi muhuri wa mbao, mweusi kwa uzee, uliochongwa jogoo. "Nenda uangalie kama msumari wetu bado upo," akaniambia. "Ukiwepo, utundike muhuri huu. Kama uling'olewa, nirudishie muhuri wangu nizikwe nao."

Kijijini kwao, juu ya kilima huko Italia, kila ukoo uliugonga mkate wake muhuri kabla ya kuupeleka kwenye tanuri la pamoja, usije ukachanganyika na wa jirani. Mihuri ilitundikwa hapo tanurini, kila ukoo na msumari wake. Ukoo ukiisha, msumari hung'olewa. Lina aliondoka akiwa mtoto, mama yake akaufungasha muhuri pamoja na nguo, na hakuna aliyerudi. Mwana wa Lina, ambaye magoti yake yamegoma kupanda vilima, ndiye aliyenikatia tiketi. Na mimi mtu wa Kakamega, mwenye likizo na kiherehere, ningekataaje?

Juu ya bahari nilisinzia, muhuri nimeuficha kifuani kama nauli. Niliota niko jikoni kwa mama, vikombe vyetu vimetundikwa ukutani, na moshi ukivipitia polepole. Nilipofumbua macho sikujua ni nchi gani iliyokuwa chini yangu.

Chini ya kilima basi liliniacha ndani ya ukungu. Kijiji kilikuwa kimeelea huko juu bila kilima, kuta na mnara wa kanisa tu. Nilipanda huku nikihema, nikijiambia kwamba waliojenga hapa walikuwa wanamkimbia mtu mbaya sana.

Langoni alinipokea Assunta, mama mnene mwenye ufunguo wa tanuri. Kiingereza alikiokota London alikokuwa akifanya kazi hotelini, kwa hiyo tulielewana vizuri nilipomwambia kwamba Lina amenituma na muhuri wa kwao.

"Ni kweli waliogopa," alisema nilipomweleza wazo langu. "Ndiyo maana nyumba za pembeni zimegeuzia nje migongo. Hizo ndizo ukuta wenyewe. Jua likizama, lango lilifungwa, na aliyechelewa alilala nje na mbuzi."

Vichochoro vilikuwa vyembamba, mawe yamelainishwa na miguu ya karne nyingi. Nyumba nyingi zimefungwa. Paka alitusindikiza.

Tanurini kulikuwa na giza na harufu ya majivu. Macho yalipozoea niliona ukuta mzima wa matundu matupu ya misumari, yamepangana hadi darini. Moyo ukanishuka. Nilimwona Lina kwenye kiti chake pale dirishani, akinisubiri, na sikujua ningeanzaje kumwambia.

"Huo ni ukuta wa waliokwisha," Assunta alisema. "Umeleta muhuri gani?"

Nilimwonyesha jogoo. Akaufunga mlango, na nyuma yake kulikuwa na msumari wenye kutu, umetundikwa aproni iliyojaa unga.

"Hamkuung'oa?"

"Tuung'oe kwa nini? Ukoo ukiisha tunapiga kengele kwanza. Hawa hatujawapigia. Lina si yu hai?"

"Yu hai, na ana maneno mengi."

Kabla ya kuutundika muhuri, Assunta aligonga jogoo juu ya donge la unga, akalisukuma motoni. Kisha akaikunja aproni yake, akaitia kwapani. "Mwambie amenikosesha mahali pa kutundika nguo."

Crystal tena, theluji ikiyeyuka. Lina haoni vizuri siku hizi. Nilimwekea mkate ule mapajani, mkavu kama tofali, na vidole vyake vikamtafuta jogoo mpaka vikampata. Nilimpa salamu za aproni. Alicheka, kisha akalia, na mimi nikalia naye bila aibu. Nilikuwa nimedhani kijiji ni watu waliobaki. Kumbe hata sisi tulioondoka tunahesabiwa.

Nilipofika kwangu nilimpigia mama Kakamega. Nikamuuliza kama kile kikombe changu cha bluu bado kipo ukutani.

"Kipo," alisema. "Nakiosha kila Jumamosi."