Dereva Mbovu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini siku ile Mzee Mwinyijuma, mwenye zahanati yetu, alipomnyang'anya Nehemia funguo za gari mbele ya wagonjwa, yeyote angepandisha.

Nehemia ni dereva wetu pale zahanati, Makorora. Mshambaa, Mlutheri, anakaa Pongwe. Baba yake alishuka milimani kuja kukata mkonge, akalowea huku huku. Kila wiki hunipeleka Moa, mimi nesi na mashine yangu ya altrasaundi, nikawapime kina mama wajawazito. Mashine yenyewe ni kompyuta na kifimbo chake cha kupitisha tumboni. Nehemia huifunga kwa blanketi alilotoa nyumbani kwake, akaendesha taratibu hadi bodaboda wanampita wakimcheka. "Vipi mzee, umebeba mayai?" Naye hucheka nao. Tukifika, huzunguka kuwafuata wale wasioweza kutembea. Hodi mara tatu, kama ilivyo ada. Asipojibiwa humwachia jirani ujumbe, akaenda nyumba nyingine. Sijapata kumwona akisukuma mlango wa mtu.

Basi mashine ikaanza kuganda. Mama kalala, mtoto anaonekana kwenye kioo, mara picha tuli. Bonyeza huku, bonyeza kule, wapi! Mama anakukodolea macho: "Nesi, mbona mtoto hachezi tena?" Jamani, swali hilo usiombe kuulizwa. Unamwambia ni mashine tu, huku unaizima na kuiwasha upya. Mzee Mwinyijuma akawa ananung'unika kwamba ni mitikisiko ya gari.

Tukamwita Sabra, binti fundi wa kompyuta wa hapo hapo Makorora. Mezani kwake mashine ilifanya kazi siku nzima bila kuganda hata kidogo. "Ugonjwa wake uko Moa," akasema. "Nipelekeni Moa."

Akakaa mbele na Nehemia. Njiani walikula muhogo wa kuchoma wa Nehemia, wakichovya pilipili moja, Sabra akimwita baba. Kule Moa, jenereta likakohoa, umeme ukayumba na mashine ikaganda. Nikataka kuizima niiwashe upya, kama tulivyozoea. Sabra akanidaka mkono. "Iache hivyo hivyo, dada Mwatumu." Akachunguza. Tulipoiwasha tena, akalegeza makusudi waya wa kifimbo, kidogo tu: ikaganda. Akarudia: ikaganda. Akacheka peke yake, akatoa simu akamwandikia Mzee. Wakati wa kurudi tukamshusha kwao.

Zahanati tukamkuta Mzee kasimama mlangoni, kanyoosha mkono. "Nipe funguo." Kisha akasoma simu kwa sauti, kila mtu asikie: "Tatizo nimelipata. Dereva mbovu. Dawa yake kubadilisha tu."

Nehemia hakubisha. Aliuliza moja: "Sabra ndiye kasema?"

"Ndiye."

Akampa funguo, akalifungua blanketi lake kwenye mashine, akalikunja, akaondoka kwa miguu. Niliumia, wallahi.

Asubuhi yake nikamjia Sabra juu, hata salamu sikutoa. "We mwana una moyo gani? Umekula chakula cha mtu kisha ukamchongea kazini?"

"Nani?"

"Nehemia! Si umeandika dereva mbovu?"

Akanitazama. Kisha akashika kichwa. "Ya Rabi! Dereva ya mashine, dada!"

"Mashine ina dereva?"

"Inayo. Ni programu, inapeleka maneno kwa kifimbo na kurudisha majibu. Sisi mafundi huiita draiva. Mzee hataki Kiingereza kwenye simu yake, nikaandika dereva."

"Na ubovu wake nini?"

"Haina adabu. Inapiga hodi kwa kifimbo. Umeme ukiyumba, kifimbo hakijibu. Nayo inasimama pale pale mlangoni kungoja karibu, na kompyuta nzima inaingoja yenyewe. Hiyo mpya nitakayoiweka inapiga hodi mara tatu. Ikiona kimya inarudi kusema hajajibu mtu, basi kifimbo kinaamshwa, kazi inaendelea."

"Kama Nehemia," nikasema. Sabra akaanza kulia.

Mzee tulipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Akapiga simu; Nehemia hakupokea. "Atakuja mwenyewe," akasema. Nikamwambia haji mtu hapa, tunakwenda sisi, na wewe ndiye wa mbele.

Pongwe, viatu vya Nehemia vilikuwa mlangoni. Mzee akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, akageuka. "Basi. Ada ni tatu."

"Hiyo ya mgeni," nikamwambia. "Wewe umekuja kuomba radhi."

Akasafisha koo. "Nehemia, nimekosea. Dereva iliyosemwa ni ya mashine."

Mlango ukafunguliwa. Nehemia hakumtazama Mzee, alimtazama Sabra. "Hukunisema, mwanangu?"

"Sikukusema, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Uso wake ukalegea, akaketi kizingitini kuvaa viatu.

Mzee naye akapata nguvu. "Neno tu hilo, Nehemia! Nimeona dereva, na dereva pale ni wewe peke yako. Ningejuaje?"

"Kweli, mzee. Dereva ni mimi peke yangu." Akafunga kamba ya kiatu kimoja. "Na mbovu?"

Mzee Mwinyijuma akafungua kinywa, akaganda. Funguo ziko kiganjani, mkono uko hewani. Nilikuwa na maneno tele ya kumsaidia, nikayameza. Nehemia akamaliza kiatu cha pili, akasimama, akangoja jibu kwa heshima zote. Halikuja. Akazichukua funguo.

Mashine haijaganda tena. Umeme ukiyumba, picha inasita kidogo, kisha mtoto anaendelea kucheza tumboni, na mama anacheka. Nehemia bado anaendesha taratibu, bodaboda bado wanamcheka. Mzee alinunua blanketi jipya, zito, la bei, na Nehemia huifungia mashine vizuri tu. Lile la nyumbani kwake hakulirudisha garini.