Petunia za Harusi Wakati wa Kiangazi

Kiangazi cha mwaka ule kilianza mapema upande wa Moiben. Kufikia mwisho wa Januari nyasi zilikuwa zimekauka kabisa, na upepo ulileta vumbi la shamba la ngano mpaka ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa mtunza bustani wa mzungu mwenye shamba hilo. Nilikuwa nimetoka Kakamega na mke wangu, naye alikuwa mjamzito, siku zake za kujifungua zikikaribia.

Memsaab, mke wa mzungu huyo, alikuwa na maua ya petunia, mistari miwili mbele ya veranda, nyeupe na za zambarau. Mbegu zake zilikuja kwa meli. Binti yake angeolewa mwishoni mwa Februari, pale pale mbele ya maua. Alipokuwa akiondoka kwenda Nairobi kumpokea binti huyo, aliniita akaniambia kwamba akirudi anataka kuyakuta yamechanua.

Siku mbili baada ya yeye kuondoka, maji ya kisima yakashuka. Bwana, yule mzungu, akatukusanya sisi wafanyakazi, akasema maji ni ya ng'ombe na ya watu tu. Atakayenyunyizia maua maji ya tangi atafukuzwa siku hiyo hiyo, na kipande chake, kile cheti cha kazi, kitaandikwa vibaya. Kipande kikiharibiwa, hakuna mzungu mwingine Uasin Gishu ambaye angekuandika kazi.

Basi nilikuwa katikati ya amri mbili. Nikamwomba mpishi aniwekee maji machafu ya kuogea na ya kuoshea mboga. Kila alfajiri niliyamwaga taratibu kwenye mashina bila kulowesha majani, kisha nikafunika udongo kwa mabua ya ngano. Adhuhuri petunia zililegea kama zimekufa. Nilijizuia nisiziongezee maji, kwa sababu jioni zilisimama zenyewe, na maji mengi yangeozesha mizizi.

Wiki ilipoisha nikaona ubaya mwingine. Matawi yalirefuka, yakawa matupu, na maua machache yakabaki kwenye ncha. Zilibaki siku kumi na nane kufika harusi. Nilikumbuka mama yangu alivyokuwa akichuma kunde: ukikata ncha, mmea unatoa matawi mawili. Lakini kunde si petunia. Nilishika makasi nikasimama muda mrefu. Halafu nikakata nusu ya kila mmea, mistari yote miwili.

Bwana alinikuta nikizoa matawi, mengine bado yana maua.

"Nani amekuambia ukate?"

"Hakuna, Bwana. Yalikuwa yanachoka. Yakikatwa yatatoa mapya."

Aliangalia vile visiki. "Memsaab akikosa maua, utafunga mzigo wako."

Nilipomweleza mke wangu, hakunilaumu. Aliuliza tu kama, tukifukuzwa, angeweza kutembea mpaka Sisibo, mjini, na tumbo lile. 

Nililoweka samadi kwenye debe, nikawa nazipa petunia maji yake kila siku ya tatu. Niliondoa wadudu kwa vidole. Siku ya saba hakukuwa na kitu. Siku ya tisa nikaona vijani vidogo kwenye viungo vya shina, nikapiga magoti nihakikishe si macho yangu.

Memsaab alirudi siku nne kabla ya harusi. Alishuka garini, akaja moja kwa moja bustanini. Petunia zilikuwa nene na kijani, zenye vitumba, lakini hakuna hata ua moja lililofunguka.

"Maua yangu yako wapi?"

"Yanakuja, Memsaab. Yatafika Jumamosi."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kutaja siku yenyewe ya harusi. Aliingia ndani. Alhamisi jua likawa kali zaidi, nikafunika mstari wa nje kwa magunia. Ijumaa jioni vitumba vitano vilifunguka, vyote vyeupe.

Jumamosi asubuhi mstari wa karibu na veranda ulikuwa umejaa. Ule wa nje, uliopigwa na upepo, ulikuwa na mapengo makubwa. Memsaab aliyatazama, akaniambia nipange viti mbele yake viyafiche.  Bwana alipita akiwa na tai, akasimama kidogo, akaniambia nikimaliza niende kusaidia kushusha meza. Kipande changu hakikuguswa.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa pale pale shambani, kwenye kambi ya wafanyakazi, mwezi wa tatu, wiki ambayo mvua ilianza kunyesha.