Niliandika "Hapana" kwenye Fomu ya Mama Mkwe

Kosa ni langu. Si la daktari, si la mke wangu, wala si la mila. Nimechoka kulizungusha kichwani peke yangu, ndiyo maana naliandika hapa, mahali ambapo hakuna anayelijua jina langu.

Ninaishi Umoja. Mwaka jana nilipata kazi ya muda na watafiti wa magonjwa ya kupe. Watu hudhani kupe ni shida ya ng'ombe na ya mashambani. Njoo huku kwetu Eastlands, mashariki mwa jiji, uwaone mbuzi wanaolala nyuma ya vibanda na mbwa wanaozurura kwenye taka, kisha ugeuze sikio la mmoja wao.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Tulishika mnyama, tukatoa kupe kwa kibano na kuwatia kwenye kichupa chenye spiriti na nambari ya nyumba. Kisha tuliwauliza wenyeji maswali. Ndani ya kupe wengine huwa mna bakteria wadogo sana. Akikuuma mmoja wa hao unashikwa na homa, kichwa kinagonga, na mara nyingi pale alipouma panabaki kidonda kidogo cheusi, kama mtu amekuzimia sigara. Hakiumi sana, kwa hivyo watu hawakitaji. Fomu ilitutaka tuulize waziwazi, na mtu akikubali, tukitazame. Ukiandika "Ndiyo", kesho yake muuguzi anakuja kuchukua damu. Ukiandika "Hapana", haji mtu. Homa peke yake haikutosha kumleta, maana kila ploti ya nyumba za kupanga ina mtu mwenye homa.

Orodha ya nyumba ikafika mtaa wa Jericho, na ndani yake mlikuwa na nyumba ya mama mkwe wangu. Anafuga mbuzi watatu na mbwa mmoja mzee.

Mwenzangu kazini, Mwikali, Mkamba mwenye mdomo, alicheka. "Leo umeshikwa, Baba Simiyu. Utamwambia mkweo apandishe leso?"

Baada ya kunicheka alijitolea tubadilishane nyumba. Nilikataa. Niliogopa kwamba wakwe wangesikia nilikuwa mtaa huo huo nikatuma mgeni, nikapita bila kuwasalimu. Kumbe salamu ndiyo iliyonisumbua, si ugonjwa!

Kwetu magharibi mwa nchi, mama mkwe huheshimiwa kwa umbali. Namsalimu kwa mbali, simpi mkono. Hatuli meza moja. Kwa miaka tisa ya ndoa, hata kama nataka kujua ameamkaje, namuuliza mke wangu.

Mbwa alikuwa na kupe wengi hata kichupa kimoja hakikutosha. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, sweta juu ya sweta, na jua lilikuwa kali. Alisema hiyo ni siku ya nne ya homa na kwamba duka la dawa walimwambia ni taifodi. Aliposimama kuniletea maji alivuta mguu wa kulia, mkono ameubana juu ya paja. Niliyaona yote hayo. Mimi ni mtu wa kuona vitu.

Nikafika kwenye swali la kidonda. Nikatazama ukuta, nikamuuliza kama mbuzi wanakula vizuri. Akasema wanakula. Nikaandika "Hapana".

Nje, Mwikali aliniuliza kama nimeuliza yote. Nikamwambia yote.

Siku sita baadaye Mama alianguka bafuni. Hospitalini walimtibu malaria, kisha taifodi. Homa haikushuka. Alianza kuweweseka, akimwita mumewe aliyekufa zamani. Siku ya tatu mke wangu aliingia kumwosha, na alipotoka alinivuta kando ya korido.

"Mama ana kitu cheusi kwenye kinena, kama ameungua. Kabla hajazidiwa alimwambia shangazi kilikuwepo hata siku ile ulipokuja na watu wako."

Sikumtazama. Nilimtafuta daktari wa zamu, nikamweleza juu ya yule mbwa, juu ya kidonda, na juu ya nilichoandika.

"Uliandika bila kuuliza?"

"Ndiyo, daktari."

Alibadilisha dawa papo hapo. Ni dawa ya kawaida, haikosekani. Baada ya siku mbili homa ikashuka.

Lakini Mama alipopata fahamu, hakusikia; ugonjwa ulikuwa umemharibu masikio. Sikio la kushoto halikurudi. La kulia husikia ukipaza sauti. Alikuwa mwimbaji wa kwaya miaka yote ninayomjua. Sasa huketi benchi la nyuma kanisani, akitazama midomo ya wenzake.

Nilimwambia msimamizi ukweli na kazi ikaisha. Fomu zangu zote zilirudiwa, nyumba kwa nyumba. Mwikali ndiye aliyezirudia, juani, na tangu hapo hanitanii.

Mke wangu hakupiga kelele nilipomwambia. Alikunja nguo zote za watoto, akazipanga, ndipo akasema, "Ulimheshimu mpaka ukakaribia kumzika." Tunaishi pamoja bado. Tunaongea mambo ya nyumba.

Kwa Mama nilikwenda mwenyewe. Ilibidi nisogee hadi kwenye sikio lake, mimi ambaye sikuwahi hata kumpa mkono, nikaungama kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Alinisikiliza hadi mwisho, macho chini.

"Nilikuwa nangoja uniulize, mkwe," alisema. "Mimi ningeanzaje kukwambia?"

Ndugu zangu, ukiwa na homa isiyosikia dawa, na nyumbani mna mbwa au mbuzi, jikague mwili wote, hata pale usipopaonyesha watu, kisha umwonyeshe daktari. Na wewe unayezunguka na fomu mitaani, swali likikushinda kwa sababu ya heshima, sema limekushinda, aje mwingine aulize. Mkwe aliyekukasirikia kwa kumtumia mgeni utamwomba radhi kwa sauti ya chini, na atakusikia.