Uzio Ulioishia Kwenye Piano

Uzio wa shamba la mkonge uliishia kwenye piano. Nguzo zilitoka upande wa reli hadi pale, zikaanza tena mbele kidogo, na katikati pakabaki mwanya ambao ng'ombe waliupitia kwenda mtoni. Mwenye piano alikuwa amekufa, na hakuna mtu wa Kilosa aliyekubali kuigusa.

Nilikuwa jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba hilohilo, masista wakamfundisha kinanda, akapelekwa Ulaya kusomea muziki. Alirudi na mvi, na piano ikamfuata kwa behewa la mizigo. Kila jioni alipiga muziki wa Wazungu wa kale, usio na maneno, akirudia kipande kimoja mpaka aridhike.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Shamba la umma lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi, na tukasikia njia ya mtoni itafungwa. Wafugaji wangekosa maji. Wakulima wa kandokando wangevamiwa na mifugo iliyokosa njia. Wote wangeumia, ila walikuwa wametoka kupigana na hawakusalimiana hata gulioni. Jirani yangu akatangaza kwamba atapiga piano palepale njiani, waje wote.

"Kwani piano itazuia uzio, mama?" nilimuuliza.

"Haitazuia. Lakini watu wakishanyamaza pamoja, wanaweza kubishana pamoja."

Piano ikapelekwa kwa tela la trekta. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji wakasimama upande wa pili na fimbo zao.

"Na ng'ombe wenu mmewaletea viti?" mkulima mmoja aliuliza kwa sauti.

"Wakipata viti wataacha mahindi yako, mjomba," kijana wa upande wa pili akamjibu.

Wakacheka, pande zote mbili. Mama akapiga piano. Alipomaliza hawakupiga makofi, walianza kubishana, na mwisho wakakubaliana kwenda pamoja kwa mkuu wa wilaya. Trekta lilikuwa limegoma kuwaka, hivyo piano ikafunikwa turubai, ikaachwa pale.

Kabla wiki haijaisha, presha ikampanda, akafariki. Kaka yake, mwenye nyumba ya wageni Mikumi, alikuja kumzika, akaondoka akiahidi kurudi kuanua matanga. Kwetu kambini, mpaka ndugu aanue matanga, vitu vya marehemu havihamishwi, hata kijiko.

Wajenzi wa uzio walipofika pale, wote walikuwa wajukuu wa kambi.

"Sogezeni hilo kabati," msimamizi akasema.

"Bosi, ni la marehemu. Matanga hayajaanuliwa."

"Nimekuja kujenga uzio, sikuja msibani."

"Basi lisogeze wewe."

Alinyoosha mkono mpaka karibu na turubai, akaurudisha mfukoni. Hata kuchimba shimo ubavuni mwa piano walikataa. Wakaruka mbele, wakaendelea.

Wale waliokwenda kwa mkuu wa wilaya waliambiwa suala linashughulikiwa. Masika yakachana turubai, mbao za piano zikavimba. Jua lilipokaza, waya zilikatika humo ndani, moja moja, kwa mlio mzito. Ng'ombe walisimama, masikio mbele. Mchungaji naye alisimama. Kisha wakapita. Mimi nilijikuta nimebaki njiani na jembe begani, nikingoja marehemu arudie.

Mwishowe nilidandia lori hadi Mikumi. Nilimkuta kaka yake barazani, malori ya Iringa yakipita mbele yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umetumwa na wenye shamba?"

"Hapana. Mimi ni jirani wa marehemu."

"Wao walikuja. Walileta gari kabisa, nikaanue matanga wanirudishe siku hiyohiyo." Alinitazama. "Nikianua, uzio utapita?"

"Utapita."

"Na nisipoanua?"

"Ng'ombe watakunywa."

Alifuata lori moja kwa macho mpaka likapotea. "Ananijia ndotoni," akasema. "Amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Hapigi. Ananiangalia tu. Sasa niambie wewe uliyekaa naye: anataka nije, au anataka nisije?"

Niliaga, nikadandia lori la kurudi. Nilipohamishwa kikazi kutoka Kilosa, ng'ombe walikuwa bado wanapita, na kaka yake alikuwa hajaja.