Koti la Askari

Mjukuu wangu akiwasha dawa ya mbu ya kuchoma, ule moshi ukinifikia puani, simkumbuki mtu mwingine ila nyapara.

Namwona kwenye shamba la mzungu la pareto, yale maua yanayotiwa kwenye dawa hiyo, hapa hapa Iringa, fimbo kwapani, akijiona jenerali. Baba zetu walikuwa wamepelekwa Burma kupigana vita kubwa ya Wazungu, kwa hiyo maua tulichuma sisi watoto na mama zetu, baridi ikitukata vidole. Yanasagwa unga wa kuulia chawa wa askari, alitutangazia kila asubuhi, kama vile vita nzima anaiendesha yeye.

Siku moja mama alifunga maua kidogo kwenye pindo la kaniki. Nyapara akamfungua mbele ya watu.

“Ya nini haya?”

“Watoto wanaliwa na chawa, bwana.”

“Chawa wenu wanapigana na nani?” Akacheka, akayarudisha kapuni. “Haya ni ya mume wako, mama. Unamwibia mumeo?”

Tulirudi nyumbani tukijikuna.

Vita ilipokwisha, baba alirudi amekonda, ndani ya koti zito la jeshi. Mama alimvua, akageuza mishono juani. Chawa walikuwa wamejipanga humo kama gwaride.

Alilikunja koti vizuri, akanipa. “Mpelekee nyapara. Mwambie ni zawadi kutoka kwa askari.”

Nyapara alilivaa kanisani Jumapili iliyofuata, amefunga vifungo mpaka shingoni.